Asilimia 60 ile si ya pombe

Januari 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Naliunga mkono. Lakini tangu hapo, mtafiti akisema pombe iliwahi kukinga moyo maabara, ni rahisi kumdhania mtetezi wa walevi. Hapo anaonewa. Naye mnywaji anayedai kwamba pombe hupunguza madhara ya moyo kwa asilimia 60 amekosea: asilimia hiyo si ya pombe.

Damu ikikatika kwenye misuli ya moyo kisha ikarudi, mafuta ya utando wa mitokondria (vijisehemu vya chembe hai vinavyozalisha nishati) huharibika na kuzaa kemikali zenye sumu ziitwazo aldehidi, hasa ile ya 4-HNE. Hizo hunata kwenye protini, protini zikashindwa kazi, chembe ikafa. Mlemle ndani ya mitokondria kuna kimeng'enya ALDH2, na kazi yake ni kuziondoa. Mwaka 2008 kundi la Daria Mochly-Rosen wa Chuo Kikuu cha Stanford lilionyesha kwamba alkoholi kidogo, ikitangulia kabla damu haijakatwa, hukichangamsha ALDH2, na moyo wa panya huumia kidogo. Kisha wakapata molekuli ya kufanya kazi hiyo bila tone la pombe, wakaiita Alda-1. Kwa panya waliopewa Alda-1 mapema, sehemu ya moyo iliyokufa ilipungua kwa asilimia 60.

Ni muhimu kujua asilimia hiyo ni ya nini. Ni ya Alda-1. Tena ni ya panya, na dawa ilitangulia madhara. Anayeitaja akiwa na chupa mkononi amechukua sifa ya dawa akaivisha bia.

Wapinzani wa pombe wana hoja nzito pia. Alkoholi yenyewe mwilini hugeuka asetaldehidi, nayo ni aldehidi yenye sumu, na anayetakiwa kuiondoa ni ALDH2 huyohuyo. Kiasi kikizidi, mlinzi analemewa. Watu wapatao milioni 540, wengi wao wa Asia Mashariki, wamerithi ALDH2 dhaifu. Wakinywa kidogo tu uso unawaiva, unakuwa mwekundu. Kundi la Julio Ferreira, Chuo Kikuu cha São Paulo, lilipojaribu panya wenye udhaifu huo, kinga ya alkoholi haikuonekana.

Kwangu, matokeo hayo yanaipa nguvu kazi ya Stanford, maana yanathibitisha kwamba siri iko kwenye kimeng'enya. Na Alda-1 huamsha hata kile kilicho dhaifu. Daktari wa upasuaji wa moyo anajua mapema saa atakayosimamisha damu. Dawa ya namna hiyo, ikithibitika kwa binadamu, ingemfaa yeye kwanza.