Pugu na mtoto: toka na adhana

Mtu wa Dar akitaka kumpeleka mtoto kutembea porini, huanza kwa kuuliza ni kilomita ngapi. Swali hilo lisubiri. Msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, pale Kisarawe, si mlima wa kumtisha mtu. Kinachowashinda watoto ni joto la pwani na unyevu wake. Kwa hiyo ulizia jana yake geti linafunguliwa saa ngapi, toka nyumbani adhana ya alfajiri inapolia, na ikifika saa 4 asubuhi muwe mmeshamaliza. Anayeanza kutembea saa hiyo, kwangu mimi, afadhali angebaki ufukweni chini ya mwembe au mkungu.

Kwa kubebea, mbeleko haijapata mpinzani, ila si kwa ufungaji ule wa kwenda gengeni. Kanga nyingine za siku hizi ni poliesta. Jasho likiingia fundo linateleza, mtoto anashuka kidogo kidogo mpaka miguu inaning'inia na kidevu kinalala kifuani. Hapo njia ya hewa inabanwa, na kichanga aliyebanwa hivyo huenda asitoe sauti yoyote. Tumia kitenge kizito cha pamba. Ukingo wa chini upite chini ya makalio ufike nyuma ya magoti, magoti yawe juu kidogo kuliko makalio. Ukingo wa juu uishie mabegani mwake. Kaza fundo, kisha likague kila robo saa.

Asiyekaza shingo bado abebwe kifuani, pua na mdomo uvione ukiinamisha macho tu. Ubaya wake, huoni unapokanyaga. Shika fimbo, na anayetangulia awe anasema "mzizi".

Halafu kuna hii tabia ya kumfunika mtoto gubigubi kwa kanga eti asipigwe na jua. Naipinga kuliko zote. Ndani mle hewa haizunguki, na joto lake linaongezewa na la mgongo wako. Kofia pana inatosha. Kila mnaposimama mguse nyuma ya shingo: ikiwa ya moto na imelowa, mfungue, mkae kivulini, apepewe. Ikiwa ya moto na mtoto amelegea, safari imeishia hapo. Mpooze kwa maji huku mnamkimbiza hospitali.

Aliye chini ya miezi 6 hapewi maji; ananyonya tu, mara nyingi kuliko kawaida. Maji anywe mama, na mwingine ambebee hizo chupa. Mkubwa apewe mafunda machache kila dakika 15 au 20 bila kungoja aombe. Mkibeba ORS, ile dawa ya unga wa chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, pakiti ya lita 1 inaingia yote kwenye lita 1. Kukisia nusu pakiti kwenye kichupa ndiko kunakoharibu dawa, kwa sababu chumvi ikizidi inamdhuru mtoto.

Wa miaka 3 anayetembea mwenyewe, kilomita 2 kwenda na kurudi zinamtosha. Atachuchumaa kwa kila jongoo. Mwache, ndicho alichofuata. Geuzeni angali anacheka, maana akianza kulia utambeba njia yote mliyobakiza. Yeboyebo ziacheni nyumbani: zikilowa mguu unateleza ndani, na siafu wanapita kwenye matundu. Avae raba, soksi na suruali ndefu, suruali ichomekwe kwenye soksi. Hiyo pia ni kinga ya upupu. Ukimshika, asijikune wala msisugue, kwa kuwa vinyweleo vinazidi kuingia. Bandika selotepu ngozini, bandua, rudia kwa kipande kipya, na nguo zile zifungwe kwenye mfuko peke yake.

Dawa ya mbu yenye DEET asipakwe aliye chini ya miezi 2. Huyo apate nguo ndefu na chandarua. Mapango ya machimbo ya zamani ya kaolini, yenye popo, watazame wakubwa. Vumbi la kinyesi cha popo linaweza kuleta ugonjwa wa mapafu, na mtoto hushika kila kitu kisha mkono unaenda mdomoni.

Mkirudi, mvue nguo nje, mkague kupe nyuma ya masikio, kwapani na kwenye mikunjo ya mapaja, ndipo aogeshwe.