Mita 60 za bahari

Hapa Dodoma, ukitaja katazo la kujenga ndani ya mita 60 kutoka baharini, hukawii kuambiwa kwamba linafukuza wawekezaji. Katazo hilo limo katika kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, nami naona linaonewa.

Wenye hoteli wana hoja. Wameajiri watu, na aliyekwisha kujenga hawezi kulihamisha jengo bahari inapomsogelea. Ukuta wa kuzuia bahari kwenye Barabara ya Barack Obama, Dar es Salaam, unailinda barabara, huo ubaki.

Lakini zitazameni hizo mita 60. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, maji ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Ufukwe ukiwa na mteremko wa mita moja kwa kila mita 20, bahari itatembea mita 60 juu ya mchanga kutoka kupwa hadi kujaa, na hujaa mara mbili kwa siku. Nyuma ya hapo inahitaji akiba ya mchanga kwa siku mawimbi yanapochafuka. Ukuta ukikalia akiba hiyo, wimbi halina pa kuishia: linagonga, linarudi na nguvu zake, linachimba chini ya msingi. Ufukwe uliomleta mgeni unazidi kushuka, mpaka maji yakijaa hakuna pa kupita kwa miguu wala pa kuvutia ngalawa.

Jirani naye huumia. Kusi, upepo utokao kusini, husukuma mchanga kuelekea kaskazini. Anayeuzuia kwa kupanga mawe hadi ndani ya maji anamnyima anayefuata. Kunduchi, kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam, wanayajua haya. Hoteli ya Africana ililiwa na bahari. Ni kweli kwamba huko mchanga ulichimbwa pia mitoni kabla haujafika pwani, kwa hiyo lawama zote tusiwabebeshe wajenzi wa ufukweni.

Na mito inayoleta mchanga baharini haianzii pwani tu. Kinyasungwe unatoka mkoani kwetu, unaingia Mkondoa, kisha Wami, hadi baharini karibu na Saadani. Mchanga tunaochota makorongoni nao ni wa safari hiyo.

Kwa hiyo Bunge, linalokaa papa hapa, likiombwa kulegeza mita 60, lidai kwanza tathmini ya athari kwa mazingira isiyoishia kwenye uzio wa mwombaji. Ipime mchanga wa jirani wa kaskazini, msimu wa kusi na wa kaskazi, kabla ya jiwe la kwanza.