Mpeni Mzize matuta (penalti) kwanza, kiatu cha mfungaji bora tutaongea baadaye

Juzi kijiweni Buguruni, kahawa bado inaunguza midomo, jamaa mmoja mwenye simu ya kioo kilichopasuka alituwekea orodha ya wafungaji wa Ligi Kuu msimu wa 2024/25 katikati ya benchi, kama wakili anayetoa kielelezo mahakamani. Jean Charles Ahoua wa Simba 16. Clement Mzize, mzawa wetu wa Yanga, 14. Prince Dube, mwenzake wa Yanga, 13. Akatafuna kashata, akapangusa mikono kwenye suruali, akahukumu: "Mzawa hana damu ya kiatu. Hana." Wazee wakatikisa vichwa kama wako msibani. Nikalipa kahawa yangu na ya mzee wa pembeni nikaondoka, maana ningebaki ningegombana. Sasa nagombana hapa.

Hilo la mzawa tulimalize haraka. Msimu wa 2021/22 kiatu alivaa nani? George Mpole. Wa Geita Gold! Mabao 17, huku Mayele wa Yanga akibaki na 16, na kutetema kwake kote kule kila akifunga. Mwaka mmoja nyuma alikuwa John Bocco, 16. Kabla yao, 2016/17, Simon Msuva na Abdulrahman Mussa wa Ruvu Shooting walifungana 14 kwa 14. Hao wote wamezaliwa Ouagadougou? Haya, tuendelee.

Kiatu ni mgao, jamani. Mpole alikuwa na bahati moja ambayo Mzize hana: pale Geita hakukuwa na foleni ya kufunga. Njoo Yanga sasa. Mzize ana njaa, Dube ana njaa, Pacome naye anataka lake, na msimu mzima wa 2023/24 sahani yote ilikuwa ya Aziz Ki aliyeondoka na 21. Chukua mabao ya Mzize na ya Dube ya 2024/25 uyatie kikapu kimoja: 27. Hiyo ni moja zaidi ya yale 26 ya Mohamed Hussein 'Mmachinga' ya mwaka 1999, ambayo hata Meddie Kagere wa Simba na 23 zake hakuyafikia. Yaani Yanga walikuwa na mfungaji wa kuvunja rekodi, ila walimkata vipande viwili. Na mara ngapi tumemwona Mzize akisogezwa pembeni ili Dube akae katikati? Halafu tunamuuliza kijana mabao yako wapi.

Bado matuta. Angalia wanaotamba kwenye hizi mbio siku hizi. Saido Ntibazonkiza wa Simba aliyegawana kiatu na Mayele 17 kwa 17 msimu wa 2022/23, Aziz Ki, Fei Toto wa Azam aliyemfukuza Aziz Ki na 19, kisha Ahoua. Kuna namba tisa, mshambuliaji wa kati, hapo, ukimtoa Mayele? Ni watu wanaocheza nyuma ya mshambuliaji, wanaokuta mpira ukiwa umeshapoa mbele ya boksi, na filimbi ikilia wengi wao ndio wanaokumbatia mpira kama mtoto mchanga. Mshambuliaji anaangushwa, anajifuta nyasi magotini, anasimama kando kumtazama mwenzake akijiongezea hesabu. Mwenye shamba halali njaa? Njoo uwaulize washambuliaji wa Ligi Kuu.

Tarehe 25 Juni 2025, dabi ya Yanga na Simba ya kufunga msimu, nilikuwa kwenye kibanda umiza, banda la kutazamia mpira, nimebanwa kati ya watu wawili wanaonuka jasho la tangu adhuhuri. Yanga wakapata tuta. Mpira ukaenda kwa Pacome. Akafunga, banda likainuka, mtu akamwaga soda ya orenji juu ya kiatu changu. (Mimi ni wa Coastal Union, ubingwa wetu ni wa 1988, kwa hiyo siku hizi naenda dabi kuangalia tu jinsi wenye nazo wanavyoishi.) Baadaye Mzize akafunga la pili, kwa mpira unaochezwa, kama kawaida yake. La 14 hilo.

Najua, najua. Hata lile tuta angepewa yeye, angefika 15 na Ahoua bado yuko mbele. Sawa. Na ndiyo, Mzize anakosa. Kuna siku anakosa mpaka unaangalia pembeni kwa aibu, kama vile wewe ndiye umekosa. Ahoua naye simnyimi chake, tuta si zawadi, kuna waliopiga yakaenda kumtafuta mwezi. Lakini tofauti ni mabao mawili. Mawili! Kwa timu iliyobeba ubingwa, mabao mawili ni uamuzi wa kocha wa dakika moja kwenye chumba cha kubadilishia nguo: "Tukipata penalti, apige Mzize." Saido alifunga matano siku moja dhidi ya Polisi Tanzania, ligi ikiwa ukingoni, hesabu yote ikapinduka ndani ya jioni ile.

Aziz Ki alishaondoka Yanga kwenda Wydad ya Morocco mwaka 2025, kwa hiyo kisingizio kimoja kimepanda ndege. Mzize akibaki Jangwani, kwa Yanga, tuta la kwanza la msimu ujao likitoka, msiangalie anayepiga. Mtafuteni Mzize kasimama wapi. Mkimwona kwenye mstari wa boksi, mikono kiunoni, basi jamaa wa kashata mwambieni mimi kahawa yangu nakunywa nyumbani.