Usilipie Plastiki Mpya: Enduro ya Tustroki Iliyotumika Inavyokaguliwa

Seti mpya ya plastiki na stika hufungwa jioni moja, na hakuna kinachopandisha bei ya enduro kuukuu, yaani pikipiki ya njia za porini na milimani, haraka kuliko hiyo. Muuzaji anajua. Kwa hiyo ukikuta KTM 300 ya 2012 inang'aa, usianze kuuliza bei, anza kuuliza imepakwa nini na kwa sababu gani. Maoni yangu ni kwamba tustroki, yaani yenye injini inayochoma oili pamoja na petroli, hununuliwa kwa hali ya njia yake ya hewa na hali ya kranki, shafti inayozungushwa na pistoni. Mengine yote ni spea. Na bei unayotajiwa haijakamilika mpaka uongeze pistoni, ringi, beringi ya pini na gasketi, hata kama mwenye mali anaapa aliziweka mwezi uliopita.

Tuanze na chombo chenyewe. Kwa njia za mawe na miinuko kama Ngong, Usambara au miteremko ya Meru, saizi ni 300. Wanaoanza hukimbilia 125 wakidhani ni ya kujifunzia, kumbe 125 inataka uibane gesi muda wote na ucheze na klachi kila kona. 300 inapanda na gia ya pili ukiwa umefungua kidogo tu, na ukikosea mstari inakusamehe. KTM 300 EXC ina bloku (silinda) ya kipenyo cha milimita 72 na mwendo wa pistoni milimita 72 vilevile, jumla cc 293. Shida yake ni kimo: kiti kiko sentimita 96 kutoka chini, na mtu mfupi akisimama kwenye mteremko wa mawe mguu haugusi ardhi. Mtu wa aina hiyo atafute Beta Xtrainer 300, iliyoanza kutoka 2015, yenye kiti cha sentimita 91 na injini iliyotulizwa. Kuna wanaoidharau kwa sababu si ya mashindano. Wengi wanaoidharau nao hawashindani popote.

Jihadhari na motokrosi, pikipiki ya mashindano ya uwanjani, iliyobandikwa taa na kuitwa enduro. Soma tairi la nyuma: enduro hutumia rimu ya inchi 18, motokrosi inchi 19. Motokrosi ina tangi dogo na gia zilizokaribiana, na kwenye njia ya polepole itakuchosha mikono kabla ya saa sita.

Miaka nayo ina maana yake. KTM za 2008 hadi 2016 zina kabureta ya Keihin PWK 36, ambayo kila fundi mwenye akili anaielewa, lakini zile zenye stata ya umeme zina gia ndogo ya bendiksi inayokula meno. Ukibonyeza stata ukasikia chuma kinasaga chuma, hesabu gharama hiyo, kisha hakikisha kiki inafanya kazi. Mwaka 2017 injini ilibadilishwa yote: shafti ya kupunguza mtetemo, stata nzuri, kabureta ya Mikuni TMX 38. Ile Mikuni ilitoka kiwandani ikimwaga mafuta kupita kiasi, hivyo wengi wameshaitoa. Ukikuta 2017 yenye kabureta nyingine usiogope, mara nyingi hiyo ni dalili ya mwenye kujali. Kuanzia modeli ya 2018 ikaja TPI, yaani mafuta yanapulizwa kwa injekta, na oili ina tangi lake lenye kifuniko kwenye fremu karibu na usukani.

TPI ina sifa moja kubwa kwetu: inapima mgandamizo wa hewa yenyewe, kwa hiyo ukitoka Naivasha ukashuka Magadi hugusi kitu. Lakini injekta na kile kichujio kidogo kwenye kiungo cha bomba la mafuta havipendi petroli ya kwenye chupa za soda kando ya barabara. Kwa anayezurura mbali na vituo vya mafuta, mimi bado nampa kabureta. Anayekaa mjini na kujaza kituo kile kile achukue TPI bila wasiwasi.

Sasa ukaguzi. Mwambie muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja kwenye bloku. Ikiwa ya moto, kuna kitu kuhusu kuwaka kwa baridi hataki ukione.

Kitu cha kwanza kufungua ni kifuniko cha kushoto cha boksi la hewa. Kwenye KTM na Husqvarna hakihitaji hata bisibisi. Toa kichujio, chukua kitambaa cheupe, ingiza kidole ndani ya mpira unaokwenda kwenye kabureta na uupanguse ndani. Kitambaa kikitoka na oili safi, endelea. Kikitoka na vumbi jekundu linalokwaruza ukilisugua kati ya vidole, basi vumbi la murram limekuwa likimezwa na injini, na lilipita kwenye beringi za kranki kabla ya kufika kwenye pistoni. Hapo ndipo tustroki inapotofautiana na Boxer ya bodaboda: hewa yote inaingia kwanza kwenye tumbo la kranki. Mchanga hauli ringi peke yake. Kwa hali hiyo mimi naondoka, au nainunua kwa bei ya injini ya kufunguliwa yote.

Cha pili ni ekzosi. Inashikwa na springi mbili kwenye bloku na bolti za kwenye fremu, ni kazi ya dakika kumi. Ikishatoka, mulika tochi kwenye mlango wa moshi na usukume kiki taratibu kwa mkono. Unatazama uso wa mbele wa pistoni. Mistari myembamba isiyoshikika ni uzee wa kawaida. Mistari mipana, iliyopakaa alumini, ni injini iliyowahi kukwama. Chini ya ringi pakiwa peusi kwa moshi, ringi zimechoka. Kagua na ukuta wa bloku, maana hizi zina ngozi ya Nikasil, mpako mwembamba mgumu wa nikeli, si chuma cha kuchonga. Mafundi waliolelewa na Yamaha DT 125 wamezoea kuchonga bloku na kuvika pistoni ya 0.25 au 0.50. Nikasil haichongwi hivyo. Ikibanduka bloku hupelekwa kupakwa upya kwa wenye mitambo hiyo, au inanunuliwa nyingine. Ukiambiwa "imeshavikwa silivu", yaani bomba la chuma ndani ya bloku, jua kwamba chuma na alumini hutanuka tofauti na joto linatoka kwa shida. Itatembea, ila bei ishuke sana.

Pistoni za bloku hizi zina saizi mbili zinazotofautiana kwa sehemu ndogo mno ya milimita, na bloku imegongwa alama ya I au II. Muulize muuzaji aliweka ipi. Asiyejua hakuiweka yeye, au aliyeiweka hakuangalia.

Pikipiki ikishatazamwa ndani, iwashwe. Moshi wa dakika ya kwanza au mbili ni haki yake. Moshi mweupe usiokata, wenye harufu ya oili ya gia, unasema sili ya kranki upande wa klachi inavuja na injini inanyonya oili ya gia boksi. Thibitisha kwa kuuliza mara ngapi anaongeza oili ya gia. Jibu sahihi ni kwamba haiongezwi, inabadilishwa. Sili ya upande wa kushoto, penye sumaku ya umeme, ni hatari zaidi kwa sababu haitoi moshi: inanyonya hewa. Fungua gesi kidogo kisha uachie ghafla. Injini ikichelewa kushuka, ikabaki inalia juu kwa sekunde kadhaa, hewa inaingia mahali. Huenda ni mpira wa kabureta uliopasuka, huenda ni sili. Vyovyote, mchanganyiko umekosa mafuta, na pistoni hukwama kwa sababu hiyo hiyo. Usikubali kuambiwa "ni sailensa tu".

Kipimo kinachomaliza ubishi ni cha kujaza upepo: unaziba njia ya ekzosi na ya kabureta, unapampu hadi psi 6 hivi, na geji ikae pale pale kwa dakika kadhaa. Ikishuka, paka maji ya sabuni utafute mapovu. Wauzaji wachache watakuruhusu, lakini fundi wako anaweza kukifanya siku unayoipeleka nyumbani, kabla ya kuipanda.

Kwa beringi ya kranki, toa plagi, pistoni ikae katikati ya safari yake, kifuniko cha sumaku kifunguliwe, na utikise gurudumu la sumaku mbele na nyuma kidogo kidogo. Ikigonga "tok" kabla pistoni haijasogea, fimbo inayounganisha pistoni na kranki imelegea. Kufunga fimbo mpya kunataka injini ipasuliwe, presi, na geji ya kupimia kranki isiyumbe zaidi ya sehemu chache za mia za milimita. Fundi anayenyoosha kranki kwa nyundo na jicho, mshukuru na uende kwingine.

Ukipima mgandamizo kwa geji, kumbuka mahali uliposimama. Nairobi iko mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, na hewa yake ina mgandamizo pungufu kwa asilimia 18 hivi. Injini inayosoma psi 160 Mombasa itasoma kama 130 Nairobi bila kuwa na ugonjwa wowote. Watu wamevunja bei za pikipiki nzima kwa kutojua hilo, na wengine wameuziwa mbovu pwani kwa namba iliyoonekana nzuri.

Fremu nitapita haraka. Inua gurudumu la nyuma ulitikise juu na chini: mchezo kwenye mkono wa nyuma au beringi ya chini ya shokapu ni wa kurekebishika, ila unalipiwa. Husqvarna za kuanzia modeli ya 2014 zina viungo vya ziada chini ya shokapu vinavyokusanya tope, na kama havijawahi kupakwa grisi vitakuwa na kutu. Tazama radieta kama zimepinda, spoki kama zimelegea, mahali buti linapougusa fremu pamekwaruzika kiasi gani. Mita ya masaa haina thamani. Ncha ya kanyagio la gia iliyoliwa ina thamani. Klachi ya maji nayo isome kifuniko: Brembo hutumia DOT 4, Magura hutumia oili ya madini. Aliyekosea moja kwa nyingine amevimbisha raba zote, na klachi itaachia ukiwa katikati ya kilima.

Karatasi. Namba ya fremu ina herufi na tarakimu 17, za KTM zikianza na VBK, na ile ya kumi ni mwaka wa modeli: G ni 2016, H ni 2017, J ni 2018, K ni 2019. Ilinganishe na logbook kwa Kenya au kadi kwa Tanzania, maana "2019" nyingi za mdomoni ni H. Enduro nyingi hazijawahi kuwa na namba ya barabarani. Hiyo si kasoro ikiwa karatasi za forodha zipo. Zisipokuwepo, unanunua spea zilizounganishwa, na ulipe hivyo.

Ukishainunua ya kabureta, usiipeleke mlimani siku hiyo. Iliyotoka Uingereza imefungwa jeti (vitundu vya kupimia petroli ndani ya kabureta) za usawa wa bahari, na ikifika Nairobi au Nakuru itakunywa petroli kupita kiasi: plagi nyeusi yenye unyevu, masizi yanadondoka kwenye kiungo cha sailensa, injini nzito katikati. Punguza jeti kubwa namba moja au mbili, pandisha klipu ya sindano ili sindano ishuke, kisha soma plagi. Kitabu cha KTM kina jedwali la jeti kwa kimo na joto. Litafute kabla ya kumsikiliza mtu yeyote. Kinyume chake ndicho kinachoua. Pikipiki iliyorekebishwa Nakuru ikipelekwa Kilifi bila kubadili jeti inakosa mafuta kwenye hewa nzito, na itakwama kwenye mchanga ukiwa umefungua gesi yote.

Oili ya kuchanganya na petroli ni ile yenye alama ya JASO FD, kiwango cha Kijapani cha oili za tustroki. Kwa 60:1 ambayo KTM wanaipendekeza, yaani sehemu 60 za petroli kwa moja ya oili, lita 5 za petroli zinataka mililita 83; kwa 40:1, mililita 125. Wengi huongeza oili "kwa usalama" wakisahau kwamba kila tone la oili limechukua nafasi ya petroli, kwa hiyo mchanganyiko unakauka bila jeti kuguswa. Chagua kipimo kimoja ukae nacho.

Mwisho mwaga oili ya gia. Ikiwa na rangi ya maziwa, sili ya pampu ya maji imekwisha. Ikiwa na vipande vinavyoshikwa na sumaku, kuna gia inaumwa. Inayorudi ni lita 0.8 za 15W-50, na chupa iwe imeandikwa JASO MA. Klachi imelowa ndani ya oili hiyo hiyo, na oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano itaifanya iteleze hata ikiwa na sahani mpya.