Trauti wa Gura hawakatai rangi, wanakataa mwendo

Wengi wanaokwenda kuvua trauti kwenye mito ya Aberdare na Mlima Kenya hubeba visanduku vilivyojaa nzi bandia wa kila rangi, yaani vyambo vilivyotengenezwa vifanane na wadudu. Naona pesa hizo zinapotea bure. Kwenye mto kama Gura, ambako trauti wa kahawia walipandikizwa mwaka 1905, samaki akikataa chambo, kosa mara nyingi liko kwenye mshipi.

Gura huteremka kwa kasi katikati ya mawe. Trauti hujibanza nyuma ya jiwe, mahali maji yametulia, kichwa kikielekea mto unakotoka, akingoja wadudu wanaoletwa na mkondo. Mdudu wa kweli huja kwa mwendo wa maji yaliyombeba. Ukirusha mshipi ukakatiza mkondo wa kati, maji ya kasi huuburuta, nao huburuta chambo. Utakiona kikichora mstari juu ya maji. Hapo samaki hali tena, na mara nyingi hukimbia.

Dawa ni kusogea. Ingia kutoka chini ya mto, nyuma ya samaki, umeinama. Kwenye mto mwembamba umbali wa mita tano au sita unatosha. Fimbo iwe ya futi 8, mshipi namba 4 (namba ya uzito wake), uzi wa mbele futi 9 na ncha yenye unene wa milimita 0.15. Ncha nene ni ngumu, hivyo nayo hukivuta chambo. Rusha kuelekea juu, kisha inua fimbo ili mshipi mzito usiguse maji, uguse ule uzi mwembamba peke yake. Chambo kinapokurudia, kusanya mshipi kwa mkono mwingine. Ukiuacha ulegee, trauti atakionja na kukitema kabla hujahisi lolote.

Pasipo njia ya kusogea, mshipi ukishatua tu, zungusha ncha ya fimbo uuhamishe upande wa juu wa mkondo. Utapata sekunde mbili tatu za mwendo safi, nazo zinatosha.

Vyambo viwili vitakufaa: cheusi kinachozama, ndoana namba 12, na kinachoelea, namba 14. (Maji yakiwa ya tope baada ya mvua kubwa, afadhali usitoke nyumbani.) Chambo kikipita mara tatu bila kuguswa, usifungue kisanduku. Hama hatua mbili kushoto au kulia ili mshipi ulale kwa pembe nyingine, ndipo urushe tena.