Suruali Yangu Ilienda Juja

Ukitaka suti ya bei nafuu Nairobi, huna haja ya kusumbua maduka yenye kiyoyozi. Unapanda ngazi za yale majengo ya upande wa Tom Mboya, ghorofa zimekatwakatwa vibanda, na kila kibanda ni chembamba kiasi kwamba muuzaji akipiga chafya wateja wanahama. Binamu yangu alikuwa anaoa Ruiru, mimi nikiwa msimamizi wake, na kamati ya harusi ilikuwa imeamua: bluu ya giza, kila mtu ajinunulie.

Muuzaji alinipima kwa macho.

"Bosi, wewe ni 50."

Nilitaka kumjibu kwamba bado nina miaka mingi kabla sijafika huko. Kumbe suti nyingi za pale ni za Uturuki, na namba yao ukiitoa 10 unapata ya Kiingereza, yaani kifua cha inchi 40. Suruali inayokuja na koti hilo kwa kawaida ina kiuno cha inchi 34, kwa sababu kiwandani wameshaamua mwenye kifua hiki atakuwa na tumbo lile. Miguu ndiyo hawaijui. Kwa hiyo wanaiacha suruali ndefu bila pindo, ya kumtosha twiga, kila mtu akapunguziwe kwake. Kumbuka hilo, maana ndipo balaa lilipopitia.

Alianza na 9,500. Nikatoka. Akaniita. Nikarudi nikiwa na uso wa mtu asiye na haja na suti yoyote duniani, tukafunga kwa 6,500, nikatuma M-Pesa. Mifuko ya nje ya koti ilikuwa imeshonwa kabisa, na mpasuo wa nyuma umefungwa kwa uzi mweupe wenye alama ya msalaba. Hiyo si kasoro. Hushonwa hivyo ili koti lisipoteze umbo safarini, halafu unafumua nyumbani. Kile kibandiko cha kwenye mkono pia kinatolewa. Nasema hivi kwa sababu mji huu una watu wazima waliozeeka nacho, na hakuna aliyewahi kuwapenda kiasi cha kuwaambia.

Fundi alikuwa kwenye kona ya ngazi na cherehani yake ya kukanyaga. Akanipima kutoka kiunoni hadi kisiginoni, akaandika 43 kwenye kipande cha gazeti, akakibana kwa pini juu ya suruali. Pembeni kulikuwa na suruali nyingine yenye kipande chake: 38. Chini ya ile taa zote mbili zilikuwa na rangi moja, rangi ya usiku. Nikaenda zangu kunywa chai. Niliporudi, mzigo ulikuwa umepigwa pasi na kukunjwa ndani ya mfuko wa kaki, maana ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017.

Jumamosi asubuhi nikavaa. Kiuno kikakubali. Zipu ikapanda bila ubishi. Nikatazama chini nikaona viatu, soksi, halafu mguu. Nikasogea dirishani: koti bluu, suruali nyeusi tititi.

Nikampigia fundi.

"Imebana, kiongozi?"

"Haijabana. Imepaa!"

Kimya. Nikasikia cherehani ikikanyagwa mara mbili, nadhani akifikiria. "Aaah. Basi, yako iko Juja."

Kwa bahati alikuwa na namba ya huyo mtu, kwa sababu alikuwa akimdai salio. Nikapiga. Ikapokewa na sauti nzito ya mzee ambaye asubuhi yake ilikuwa mbaya kuliko yangu.

"Kijana, ni wewe mwenye suruali ya bluu? Mama watoto amekataa nisiende nayo kwenye shughuli. Mimi ndiye msemaji wa ruracio, ile sherehe ya mahari, leo huko Kikuyu, naambiwa nimevaa watu wawili."

Tukakubaliana tukutane Githurai kwenye kituo cha mafuta. Yeye alikuwa akiingia mjini, mimi nikitoka, na barabara ya Thika haivukwi kwa kupenda, kwa hiyo nilipanda daraja la waenda kwa miguu nikiwa na koti la harusi juu, jinzi chini, na suruali ya mtu mkononi. Makanga mmoja akanipigia saluti.

Mzee alikuwa mfupi, mpana, na heshima zake zote. Kifua chake na changu, sare. Viuno, sare. Mungu alituachanisha kuanzia magotini. Choo kilikuwa kimoja, akaingia yeye kwanza, akavua yangu na kunirushia juu ya mlango. Kijana wa kujaza mafuta akamuuliza mwenzake kunaendelea nini.

"Wazee wanabadilishana suruali."

"Za nani?"

"Hata wao nadhani hawajui."

Mzee akatoka mweusi juu hadi chini, suti imemkaa utadhani alizaliwa nayo. Nikaingia mimi. Nikavaa. Bluu na bluu, safi kabisa. Nikatazama chini: viatu, soksi, mguu.

"Mzee!"

"Naam."

"Mbona hii pia ni fupi?"

Nje kukawa na kikohozi kirefu. "Ah, hiyo. Unajua nilipoivaa mara ya kwanza ilikuwa inaburura. Nikadhani yule fundi alisahau kazi. Nikampa wa huku kwetu akamalizia."

Nilipofungua mlango alikuwa ananyoosha mkono. Kiganjani kulikuwa na vipande viwili vya kitambaa cha bluu, duara mbili, inchi tano kila kimoja, vimekunjwa vizuri.

"Sikuvitupa," akasema. "Mali ya mtu haitupwi."

Nikamshukuru, ningefanya nini? Nikataka kuvitia mfukoni. Mfuko ulikuwa bado umeshonwa.

Kanisani shangazi alifumua mfuko wa kifuani kwa kikata kucha, akakunja kipande kimoja pembe tatu, akakichomeka. Ndivyo inchi zilizopaswa kufunika vifundo vyangu zilivyohudhuria ibada zikiwa kifuani. Soksi shangazi aliniamuru nivue, eti hapo itaonekana nimekusudia, na kweli wapambe vijana wakaanza kunizunguka wakiuliza suruali kama ile nimeipata wapi. Wazee hawakudanganyika. Mjomba alinishika bega wakati wa picha akaniuliza kwa upole ni mto gani nimevuka kuja.

Jioni, keki ikikatwa, simu ikalia. Fundi.

"Kiongozi, mmepatana na mzee?"

Nikamweleza yote, pamoja na vipande viwili. Akasikitika kweli, nilimsikia akipiga ulimi. Halafu akasema:

"Lakini sikiliza. Siku ile niliona mikono ya koti lako ni mirefu kidogo. Lete Jumatatu, nakupunguzia bure."