Mwekezaji mdogo na mlango wa kutokea

Ami yangu aliniita barazani kwake Kibokoni, Mombasa, baada ya Alasiri, akanipa karatasi nne zilizobanwa kwa pini. Kampuni moja ya nyumba, ambayo sitaitaja, ilikuwa inataka laki tatu zake na kumwahidi asilimia 17 kwa mwaka. Waliandika "faida ya mradi", si riba, na hapo ndipo alipolainika. Nikaruka picha za maghorofa. Ukurasa wa tatu, chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mbegu za mchicha, palisemwa kwamba mwekezaji akitaka fedha zake kabla ya miaka mitatu, ombi lake litazingatiwa kulingana na hali ya kampuni.

"Litazingatiwa," nikamsomea mara ya pili.

"Kwani benki nao wana haraka?" akanijibu, akamimina kahawa.

Huku kwetu na hata Marekani, watu wanabishana juu ya jambo hili: je, mtu wa kipato cha kawaida afunguliwe masoko binafsi, yaani miradi ya nyumba, mikopo kwa kampuni, na hisa za kampuni ambazo hazijaorodheshwa? Wanaotaka afunguliwe wana hoja. Kwa miaka mingi Soko la Hisa la Nairobi limepata kampuni mpya chache mno. Kampuni inakulia mikononi mwa wenye fedha, na siku ikifika sokoni nyama imeshaliwa, umebaki mchuzi. Kwa Waislamu wa Pwani wanaokimbia riba, uchaguzi ni mdogo zaidi. Sukuk ya Linzi ya 2023, yaani hati ya uwekezaji isiyo na riba, ya shilingi bilioni 3, iliwekwa kwenye jukwaa la soko hilo la dhamana zisizoorodheshwa, si kwenye ubao ambao mwenye duka Marikiti anaufuatilia kwa simu.

Tena wana haki wanapocheka kipimo cha Wamarekani. Tangu 1982, mwekezaji anayeruhusiwa kuingia masoko binafsi bila vikwazo ni yule mwenye mapato ya dola 200,000 kwa mwaka au mali ya dola milioni 1. Nyumba anayoishi iliondolewa kwenye hesabu 2010, lakini viwango vyenyewe havikupandishwa kufuata mfumuko wa bei. Basi familia zinazofuzu zimetoka asilimia 1.8 mwaka 1983 hadi 18.5 mwaka 2022, na sidhani kuna aliyeerevuka kwa sababu bei ya mkate imepanda. Mwaka 2020 waliongeza wenye vyeti fulani vya taaluma ya fedha, kama kukiri kwamba unene wa pochi si elimu.

Hayo yote nayakubali. Hata hivyo naona wanaotetea ukuta, wanaotaka mtu wa kawaida abaki nje ya masoko hayo, wanasikilizwa nusu. Watu husema wanamwona mwananchi kuwa mjinga, kwamba mamlaka inamlea mtu mzima kama mtoto. Mimi nawasikia wakiuliza jambo jingine: ukitaka kutoka, unatokea wapi?

Chukua Safaricom ya 2008. Hisa iliuzwa shilingi 5 na watu zaidi ya laki nane wakapata. Waliokopa benki ili wanunue walijuta: mwananchi aligawiwa karibu moja ya tano tu ya alichoomba, na mwanzo wa 2009 bei ikaanguka chini ya shilingi 3. Hasara ile ilikuwa ya kweli. Lakini siku yoyote ya kazi, mama aliyehitaji karo aliweza kumpigia dalali wake, akauza kwa bei ambayo nchi nzima inaiona, akachukua chake kilichobaki. Aliyeweza kungoja aliiona ikipita shilingi 40 mwaka 2021. Waliamua wenyewe, kila mtu na shida yake.

Mwaka huohuo wa 2021, mfuko wa Cytonn High Yield Solutions, uliouzwa kama toleo la kibinafsi, yaani nje ya soko la umma, kwa ahadi ya faida ya hadi asilimia 18, uliwekwa chini ya msimamizi ukiwa na zaidi ya shilingi bilioni 10 za wawekezaji. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ikaamuru ufilisiwe. Fedha zilikuwa zimegeuka majengo, na jengo halikatwi kipande ukalipia hospitali. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ilisema mfuko ule haukuwa chini yake. Hata Mfuko wa Fidia kwa Wawekezaji, ambao dalali mwenye leseni akishindwa kukulipa hukupa hadi shilingi 50,000, haukuwahusu wawekezaji hao.

Hizo 50,000 ni kidogo, na wengi huzitaja kwa dhihaka. Mimi huziangalia kwa upande mwingine: kwenye masoko binafsi hakuna hata hizo.

Ndiyo maana nisingeupima mlango kwa pochi. Kampuni inayotaka fedha za watu wa kawaida iwekewe masharti kama yale ya soko la umma: hesabu zilizokaguliwa mbele ya kila mtu, tarehe maalumu za kutoa fedha, na kikomo cha sehemu ya akiba ambayo mtu mmoja anaweza kuitia humo. Isiyoweza iende kwa matajiri. Wao wakifungiwa miaka mitatu bado watakula.

Laki tatu za ami zilikuwa za harusi ya binti yake. Nikamwomba ampigie wakala, aweke spika, aulize posa ikija mwakani itakuwaje.

"Mzee wangu, usijali," sauti ikasema. "Leta ombi tu, tutalizingatia."

Ami alinyamaza kidogo. Jumatatu aliwapelekea laki moja.